Mteremko wa Ilboru: kapeti ilipoteleza, na kilichopandwa baada yake

Nyumba iko Ilboru, upande wa juu wa Arusha, miguuni pa Mlima Meru, ambako kiwanja tambarare hupatikana kwa sururu tu. Mjenzi alikata nyuma, akasukuma udongo mbele, na mbele ya baraza kukabaki mteremko wa mita 18 kutoka kona hadi kona na mita 7 kutoka ukingo wa juu hadi kitako. Kimo chake ni mita 3.5, yaani nyuzi 30. Mwenye nyumba anaweza kujipimia mwenyewe: shika rula ya mita moja ikiwa imelala sawa kwa pimamaji, ncha moja iguse mteremko, kisha pima kutoka ncha ya pili kushuka chini. Sentimita 58 ni nyuzi 30. Ikifika mita nzima ni nyuzi 45, na hapo makala hii haikuhusu tena, tafuta mhandisi.

Novemba, vuli ilipoanza, mteremko mzima ulifunikwa kwa kapeti ya nyasi za paspalumu, vipande vikapangwa bega kwa bega kama vigae. Ilipendeza mpaka Krismasi. Februari ilikuwa imegeuka rangi ya magunia, na Aprili, usiku mmoja wa mvua kubwa, vipande vitatu vyenye ukubwa wa godoro vikashuka hadi kitako. Kilichoonekana chini yake kinaeleza kisa chote: mizizi imeishia sentimita nne au tano, na chini ya mizizi udongo mkavu kama unga, katikati ya masika. Maji yalikuwa yakipita kati ya kapeti na udongo, si ndani ya udongo.

Wenye nyumba sasa wanataka kitu kisichohitaji fyekeo kila wiki, kinachoshika udongo, na kinacholeta chozi (ndege mdogo anayefyonza maua), nyuki na vipepeo. Hilo la nyuki si la mapambo tu: jirani wa chini ana parachichi, na parachichi bila nyuki huzaa kwa kubahatisha.

Maji kabla ya mche

Kosa la kwanza halikuwa la nyasi. Nusu ya paa, mita za mraba 70, inamwaga maji upande wa mteremko bila gata. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 40, ambayo si ajabu mwezi wa Aprili, inamwaga lita 2,800 ukingoni. Hakuna jani duniani linaloshindana na hilo. Limefungwa gata na tangi la lita 5,000, na maji ya ziada ya tangi yanashuka kwa bomba hadi kitako, si kwa kumwagwa juu. Uwanja wa mbele umeinuliwa kidogo ukingoni, tuta la sentimita 15, ili maji ya uani yaende pembeni kwenye mfereji wa mawe.

Mambo mengine mawili hukaguliwa siku hiyohiyo. Shimo la maji taka likiwa karibu na ukingo, mteremko unanywa kutoka ndani, na mimea juu yake ni kupaka rangi ukuta unaoanguka. Na nyufa juu ya uwanja zinazofuatana na ukingo ni dalili kwamba kinachotembea ni bonge zima la udongo. Mimea ya kufunika huzuia ngozi ya juu isichubuke; bonge likianza kutembea, mizizi yake inatembea nalo. Hapa shimo liko nyuma ya nyumba na nyufa hazipo, kwa hiyo kazi iliendelea.

Mteremko unaotazama kusini

Ilboru inashuka kuelekea mjini, na mteremko huu unatazama kusini. Watu wengi hawajiulizi hilo. Arusha iko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta. Juni jua liko kaskazini, kwa hiyo uso huu wa nyuzi 30 hupata jua la kuchungulia tu, tena chini ya mawingu na baridi ya Juni na Julai. Desemba hadi Februari jua limehamia kusini na linaupiga karibu wima, na Januari na Februari ndiyo miezi ya joto na ukavu. Maana yake mteremko huu una kiangazi kimoja cha upole na kimoja kikali, na kapeti iliyopandwa Novemba iliingia kwenye ule mkali ikiwa na mizizi ya wiki sita. Vuli ni fupi mno kwa kazi ya namna hii. Kupanda ni masika, ili mimea ipate mvua, kisha miezi ya baridi ya kushusha mizizi, kabla Januari haijaja kudai.

Udongo nao una tabia yake. Ni majivu ya volkano, mwepesi, na ule wa kujazia haujawahi kushindiliwa. Ukikauka kabisa unakataa maji. Mwagia kikombe kimoja uone: tone linajiviringisha, linavaa vumbi, linashuka mteremkoni kama shanga, na alama linayoacha ni kavu. Ndiyo sababu mvua mbili tatu za kwanza za Machi hazitoshi kuanza kupanda. Chimba kwa panga: unyevu ukifika sentimita 20, panda, ukiishia sentimita tatu, subiri.

Kilichokataliwa

Vitalu vya barabarani kuelekea Tengeru vina jibu moja la haraka kwa mteremko: wedelia, ile ya maua ya njano na majani ya kung'aa. Muuzaji atakuambia haifi. Ni kweli haifi, na hapo ndipo tatizo lilipo. Inatoa mizizi kila pingili inapogusa ardhi, inakaba kila kilicho kifupi kuliko yenyewe, na kipande kilichobebwa na maji kinaanzisha shamba jipya mtoni. Imo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, pamoja na lantana ya kawaida ya rangi mchanganyiko, ambayo nayo ndege humeza matunda yake na kuipanda kila mahali, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Nyuki huyaendea maua ya zote mbili, hilo halina ubishi. Lakini mteremko wa zulia moja unalisha msimu wake tu na kuua chakula cha misimu mingine.

Mabingobingo yalipendekezwa na jirani mwenye ng'ombe wa ndani. Yanashika udongo vizuri, ila yanakuwa marefu kuliko mtu, na yakishakuwa malisho yatakatwa kila wiki, nusu yake na watu usiowajua. Viazi vitamu vilikaribia kukubaliwa, kwa kuwa marando hufunika ardhi upesi na matembele ni mboga. Vikaachwa kwa sababu mbili: siku ya kuchimba viazi ni siku ya kuufungua mteremko upya, na fuko, ambaye Ilboru yupo tele, hufuata viazi kwa mahandaki.

Mistari ya kushika

Vetiva, nyasi ya mafungu ya kushika udongo, haimlishi ndege wala nyuki. Imepewa kazi moja. Mizizi yake huenda chini badala ya kutambaa, mita mbili hadi tatu ikiachwa miaka kadhaa, na vetiva inayogawiwa kwa ajili ya kinga ya udongo haitoi mbegu zinazoota, kwa hiyo hukai kuing'oa kwenye maua. Mstari wa kwanza uko mita moja chini ya ukingo, wa pili mita mbili chini yake, wa tatu mita mbili tena, na mita mbili za mwisho zinabaki hadi kitako. Kwa nyuzi 30, mita mbili za mteremko ni mita moja ya kimo, na kuzidisha hapo kwenye udongo mwepesi ni kuukaribisha mchirizi upate mbio.

Mistari hupimwa usawa wake kwa fremu A: fito mbili za mita mbili, ubao wa kati, uzi na jiwe. Mstari usio sawa ni mbaya kuliko kutokuwa na mstari, kwa sababu maji yote yanakusanyika mahali pamoja palipo chini na kupasua hapo. Mita 54 kwa nafasi ya sentimita 15 ni vipando 360, kila kimoja na machipukizi mawili au matatu, majani yakatwe yabaki sentimita 20, mizizi ibaki 10. Kubania nafasi kwa kupanda kila sentimita 30 ili upunguze gharama ni hasara: pengo moja lisiposhikana ndilo litakalokuwa mlango wa maji.

Kinachofunika na kinacholisha

Ukanda wa juu kabisa, mita ile moja ya ukingoni, ndio mkavu kuliko yote. Hapo zimewekwa shubiri 30 kwa mstari mmoja, sentimita 60 kati yake, aina ya asili ya kaskazini mwa Tanzania (*Aloe secundiflora*). Maua yake ya mrija ni ya chozi hasa, na huanza kujitokeza mvua za masika zikishaisha, wakati maua mengi ya msimu yamenyauka. Miche itoke kitaluni au kwa jirani anayegawa watoto wa mmea. Shubiri za porini hazing'olewi. Karibu zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vya porini, isipokuwa ile ya dawa ya kawaida. Kati ya shubiri na shubiri zimetiwa bulbini, mche mdogo wa Afrika Kusini wenye majani ya nyama na maua ya njano, miche 60. Kosa la kawaida hapa ni samadi nyingi. Shubiri iliyoshibishwa inakuwa laini, inaoza shingo kwenye masika ya pili.

Ukanda wa pili, mita za mraba 36, ndio jiko. Pentasi (*Pentas lanceolata*) ni ya hapa hapa Afrika Mashariki, ingawa vitaluni huuzwa kama ugeni. Miche 80, kwa mafungu ya mitano hadi saba, nyekundu kwa chozi na waridi kwa vipepeo. Mafungu yana sababu: kipepeo anayepita juu anaona doa la rangi, haoni ua mojamoja lililotawanyika. Nafasi iliyobaki imerushiwa mbegu za kivumbasi. Sijui kwa nini watu wanakipanda mlangoni kwa ajili ya mbu peke yake. Kwa nyuki ni duka lisilofungwa, na mbegu zake zikikauka chiriku wanamalizia. Kwenye kona mbili zinazoning'inia imewekwa raselia, miche sita tu, kwa ajili ya Januari na Februari pale pentasi inapochoka. Ni ya Mexico, inatoa mizizi inapogusa chini, kwa hiyo hukatwa ncha mara moja kwa mwaka na haikupewa zaidi ya kona.

Ukanda wa tatu na wa nne, mita za mraba 72, umepewa karanga pori ya kudumu (*Arachis pintoi*). Ni ya jamii ya kunde, inajitengenezea naitrojeni, haipandi juu zaidi ya goti, na maua yake ya njano hutembelewa na nyuki asubuhi. Lakini inapenda unyevu kuliko wanavyokiri wanaoiuza. Ndiyo maana imewekwa chini, ambako unyevu hutulia, si ukingoni. Sentimita 25 kwa 25 ni pingili 16 kwa mita ya mraba, jumla 1,152. Hakuna haja ya kununua zote: viriba 40 vilinunuliwa Septemba, vikapandwa kwenye tuta tambarare lenye mboji, na hadi Machi tuta likatoa pingili zote. Pingili iwe na vifundo vitatu au vinne, viwili viingie ardhini, na kiganja cha udongo wa tuta lile kiende nayo, maana bakteria wa mizizi wamo humo.

Karanga pori huchukua miezi sita hadi tisa kukutana, na udongo haungojei. Mlezi wake ni ngwara, zao la jamii ya kunde, ambayo wakulima wa Arusha na Kilimanjaro wanaijua kwa mahindi. Mashimo ya sentimita 60 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, robo kilo inatosha na kubaki. Wiki nane ardhi haionekani. Maua ya zambarau yanaleta wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Mwezi wa nane inakatwa shingoni kwa panga, mizizi inaachwa ardhini, majani yanalazwa papo hapo kama matandazo. Ukiing'oa umelima.

Siku ya kupanda

Kapeti iliyobaki ilikwanguliwa Machi mwanzoni, na vizizi vya ukoka na ndago vikatolewa kwa mkono. Ndago ikibaki, utaipalilia miaka mitatu. Uso ulichokolewa vishimo vya nusu mwezi, upana wa sahani, mdomo ukitazama juu. Kazi ilianza ukingoni kushuka chini, ili udongo unaoporomoka uangukie mahali pasipopandwa bado. Anayepanda husimama juu ya ngazi ya mbao iliyolazwa mteremkoni na kufungwa kamba juu; nyayo moja ya mtu mzima kwenye udongo ule inaacha ngazi ambayo maji yataitumia. Majani makavu ya migomba yalilazwa kwa kukingama mteremko, yakabanwa kwa vigingi vya sentimita 30. Yakilazwa kwa urefu wa kushuka yanageuka mifereji.

Mita moja na nusu iliyo karibu na baraza haikupewa kichaka chochote, ila changarawe. Hofu ya nyoka ni ya haki, na jibu lake si kung'oa maua. Nyoka hufuata panya na vyura, na panya hufuata makopo, vifusi na pumba za kuku. Rundo la matofali lililokuwa kitako liliondolewa kwanza.

Mwaka wa kwanza ulivyokwenda

Aprili hakukuwa na mchirizi wa kina zaidi ya kidole. Mei ngwara ikaanza kupanda juu ya pentasi, na kila wiki mbili ilibidi kuzungushwa kurudi chini. Siku tatu za uvivu ziliua miche tisa. Julai fuko alipitisha handaki chini ya mstari wa pili, na mvua ya Novemba ikaingia humo na kutokea kitako ikiwa tope. Handaki lilifunguliwa lote, likashindiliwa kwa udongo mbichi na mawe, na vipando 12 vya vetiva vikarudishiwa. Sumu haikutumika: bundi na nguchiro wanaokula fuko na panya wa hapo wangekula na sumu.

Januari karanga pori ya ukanda wa tatu ilipukutisha majani, theluthi moja ya eneo ikabaki fito. Ya ukanda wa nne haikujali. Ndoo ya lita 20 kwa kila mita mbili za mraba, mara moja kwa wiki, jioni, ikimwagwa kwa awamu tatu ili udongo ukubali, kwa ukanda wa pili na wa tatu ni lita 720 kwa wiki. Tangi lililojaa vuli linafika wiki saba, karibu na mwisho wa Februari. Hilo ni la mwaka wa kwanza pekee. Mahali karanga ilipokufa kabisa hapakurudiwa. Pamepewa watoto wa shubiri kutoka juu, kwa sababu mmea ukishakujibu hapana, kuurudia ni kubishana na jua.

Mbuzi waliingia mara moja. Karanga pori ni chakula kitamu kwao, na asubuhi moja ilitosha kurudisha mita kumi za mraba nyuma miezi miwili. Uzio wa kitako ulikuwa na tundu. Sasa pamepandwa masale, yanayoota kwa kipande tu na kuzibana mizizi yake kwenye ukingo, na ambayo kwa Wachagga na Wameru mtu haruki hivi hivi. Mbuzi haijui mila hiyo, kwa hiyo kuna waya nyuma yake.

Kuanzia mwaka wa pili kazi iliyobaki ni kukata vetiva kwa sentimita 40 kabla ya masika na kabla ya vuli na kulaza majani yake, kukata vichwa vya pentasi Agosti, na kupita kwa mkono kung'oa ukoka. Nusu siku kila mara kwa mtu mmoja anayejua anachong'oa.

Kimebaki kipande kimoja cha uchi, mita mbili kwa nusu mita, kwenye kona ya mashariki chini ya mwamvuli wa paa, ambako udongo umeshikana na mvua haifiki. Kina matundu kama yaliyotobolewa kwa penseli, na kila tundu lina kilima kidogo cha vumbi. Ni viota vya nyuki wa porini wanaoishi ardhini, kila jike na tundu lake, wasio na mzinga wala hasira. Kijana wa bustani alikwisha kuchota miche ya kupafunika. Ameambiwa airudishe kitaluni, na asipafagie.